Hondohondo wa Sali ya Parokia

Tangu nirudi, kila anayenikuta njiani ananiuliza jambo lile lile: "Mama Sifa, Opala ilikuwa namna gani?" Nami najibu "Bien, bien," kisha napita, kwa sababu asubuhi nina haraka ya kazi na jioni nina haraka ya sufuria. Lakini mmeniuliza mara nyingi, na wengine mmeona kwamba nimerudi na tabia ambayo sikuwa nayo: kila Jumapili baada ya misa natoka mtaa wetu wa Makiso, napanda kwenda kwa papa yangu katika commune ya Tshopo na kikapu cha chakula. Basi nimekaa niwaeleze yote kwa utaratibu. Habari za mihuri na ruhusa za safari naziruka. Mnazijua, na hazina utamu.

Makiso mpaka ng'ambo ya mto

Surua ilikuwa imeingia Opala, mbali msituni. Habari zilifika kwenye dispensari yetu kwa redio ya misheni, na mimi nikapewa kazi ya kupeleka chanjo. Zilikuwa ndani ya sanduku la barafu, lile tunaloliita glasieri, la rangi ya buluu, na mkuu wangu alinionya neno moja tu: lisifunguliwe. Barafu ikiisha kabla ya kufikia frigo ya masista, chanjo zote zitakuwa maji ya kumwaga.

Mnajua mume wangu alifariki Sifa akiwa bado mgongoni. Watoto huwaacha na mdogo wangu Zaina. Asubuhi ile nilimpa Zaina ufunguo wa geti na nikarudia masharti yangu ya siku zote: wasitoke, wasiende mtoni, wasimfungulie mtu. Sifa alikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni. Hakulia. Alisema tu:

"Mama, unatufungia tena."

Nilimbusu na kuondoka, lakini neno lile lilinifuata mpaka bandarini.

Pale bandarini baki, ile feri ya kuvukia Lubunga ng'ambo ya mto, ilikuwa imefungwa kwa kamba. Walikuwa wanangojwa wageni wakubwa kutoka Kinshasa, na sisi abiria tuliambiwa tujipange kando ya maji tupige makofi. Wacheza animation, wale wa ngoma za chama, walikuwa tayari wamevaa vitambaa vyao vipya, wanaimba, wanatoka jasho. Wageni hawakuonekana. Jua likapanda. Nikaketi juu ya glasieri, maana nilifikiri angalau kivuli changu kitaisaidia.

Kijana mmoja wa chama, suti yake ya abacost imepigwa pasi mpaka inang'aa, akanijia.

"Citoyenne, mbona haupigi makofi? Na sanduku hii iko na nini? Fungua."

"Iko dawa ya batoto, citoyen. Ikifunguliwa, baridi inatoka. Na baridi ikitoka, mi sina namna ya kuirudisha."

Alinitazama, akalitazama sanduku. Akaweka kiganja chake juu ya kifuniko, akakiacha hapo kama anayempima mtu homa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Alors, ingia huko kwenye kivuli ya depo. Ukisikia ngoma inaongezeka, piga makofi kutoka kule kule." Nilipiga makofi yangu yote kivulini, na namshukuru hadi leo. Jina lake sikulipata.

Juu ya magunia ya chumvi

Tulipovushwa hatimaye upande wa Lubunga, lori lilikuwa linatungoja. Dereva aliitwa Papa Longange, mtu mrefu, mkimya, mwenye macho mekundu ya vumbi. Juu ya mzigo tulipanda watu wengi, na jirani yangu alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, Kambale, aliyekuwa anapeleka chumvi, sabuni na blanketi. Mkatoliki wa kweli: kila daraja la magogo tulilofikia alifanya ishara ya msalaba, na barabara ile ina madaraja mengi. Mkono wake haukupumzika.

Tulikula kwanga, ule mkate wa muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi waliokaangwa na mke wa Kambale, pamoja na pilipili iliyotutoa machozi. Nilimwambia kazi yangu. Yeye aliniambia ana batoto saba na kwamba wa mwisho hamjui sura vizuri, kwa sababu kila akirudi nyumbani mtoto anakimbilia nyuma ya mama yake.

"Inauma," alisema. "Lakini nikikaa ili anizoee, atakula nini?"

Kulipokuwa mchana mkali, lori lilikanyaga daraja bovu, likainama upande, na tukasikia kitu kinavunjika chini kwa mlio wa chuma. Resori, springi ya gari. Papa Longange alitambaa chini ya gari, akatoka na tope usoni, akasema, "Bon. Tutakaa." Akaondoka kwa miguu kwenda kutafuta fundi aliyekuwa anafanya kazi kwenye shamba la mafuta ya mawese, huko mbele.

Hapo ndipo hofu ilinishika. Hakukuwa na mti karibu, jua lilikuwa linachoma sanduku moja kwa moja. Kambale alifungua mzigo wake akatoa blanketi.

"Tufunike hii," alisema.

"Blanketi? Si italeta moto?" aliuliza mama mmoja.

Walibishana sana, lakini mimi nilikumbuka jinsi wauza barafu wa sokoni wanavyoviringisha vipande vyao ndani ya magunia, nikakubali. Tuliifunga glasieri kwa blanketi za Kambale, moja juu ya nyingine, tukaikaza kwa kamba. Kisha tukaibeba mpaka kijiji kilichokuwa karibu, tukaiweka chini ya baraza ya nyumba ya kwanza. Nikaketi kando yake, mkono juu. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na wasiwasi, na bila shaka uso wangu ulionyesha yote.

Kilio cha sanduku

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu mdogo, Mama Bolumbu. Alitoka, akatusalimu, akatazama lile furushi refu la blanketi, kisha akanitazama mimi. Akapiga magoti karibu yangu.

"Iko mutoto?" aliuliza polepole.

Nilisikia kwamba anauliza kama ni vitu vya watoto. "Ndiyo, mama," nikajibu. "Ya batoto."

"Ugonjwa gani?"

"Surua."

Mama Bolumbu akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele hata ndege wakaruka kutoka juu ya paa. Kabla sijaelewa, wanawake walikuwa wanakuja kutoka kila upande, vitambaa vimefungwa kiunoni, wanalia. Mmoja alinikumbatia kutoka nyuma. Mwingine alinivua viatu akaninawisha miguu. Wanaume walileta mikeka na magogo ya moto. Kambale, aliyekuwa ameenda kuoga kwenye kijito, alirudi akakuta watu wengi wamezunguka baraza. Akavua kofia, akaanza kusali rozari bila kuuliza nani amekufa.

Mimi nilifikiri ni wao waliofiwa. Nilidhani habari mbaya imefika kijijini wakati ule ule, nami nikalia nao, maana siwezi kuona watu wanalia nikakaa hivi hivi. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi.

Papa Longange aliporudi na fundi wake, alisimama pembeni akiwa amevua kofia.

"Nani amekufa?"

Watu wote walionyesha kidole kwenye glasieri yangu.

Yule mtu ambaye tangu asubuhi sikuona meno yake alicheka mpaka akashika mlingoti wa baraza. "Ile? Ile iko dawa! Iko dawa ya Leta, ya serikali!"

Niliona aibu ya kufa. Nilianza kueleza, maneno yakigongana, kwamba ndani mna chanjo, kwamba chanjo inamkinga mtoto na surua, kwamba lazima ikae kwenye baridi. Baadhi ya wanawake walianza kucheka kwa kuficha mdomo. Mama Bolumbu hakucheka. Alijifuta uso na kitambaa chake.

"Kwa hiyo iko dawa ya kuzuia surua?"

"Ndiyo, mama."

"Inazuia kweli?"

"Inazuia."

"Mi nilizika babili," alisema, akiinua vidole viwili. "Kiangazi ile imepita. Babili."

Hakuna aliyecheka tena. Nilishika mkono wake. Nilimwambia kwamba nikifika Opala nitatenga chupa kwa ajili ya kijiji hiki, na nikirudi nitasimama hapa, hata kama lori lina haraka. Alinitazama kwa muda mrefu, akipima kama naahidi kwa kinywa tu.

"Batoto ya Opala banakungoja?"

"Banangoja."

Akainuka, akaita wanaume kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, kwa lugha yao. Nilielewa neno moja tu, Lomami, mto unaopita Opala. Fundi alikuwa amesema resori itachukua mpaka kesho yake au zaidi. Wanaume wa kijiji walikuwa wanajua njia ya msituni inayofika mtoni mapema kuliko barabara.

Lakini kwanza tulikula. Chakula cha kilio kilikuwa kimeiva: lituma ya ndizi iliyopondwa laini, na samaki wa liboke ndani ya majani, wananukia moshi. Nilisema hatustahili, hakuna aliyekufa.

"Kula," alisema Mama Bolumbu. "Tulipika ya kilio, lakini chakula yenyewe haijue."

Nilikaa karibu na Papa Longange. Alipewa samaki mzuri, mnono. Alikula lituma yake kavu, akichovya kwenye pilipili. Samaki alimfunga upya ndani ya jani, akamweka juu ya moto wa moshi ili akauke.

"Papa, haupendi samaki?"

"Napenda sana."

"Sasa?"

"Kwangu nyuma kuna midomo," alisema, akaendelea kumeza lituma yake.

Lomami

Wanaume wa kijiji walipitisha mti mrefu katikati ya kamba za blanketi, wakaibeba glasieri mabegani, wawili mbele na wawili nyuma, wakipokezana. Papa Longange alibaki na gari lake, Kambale na chumvi yake. Blanketi aliniachia, akisema nitazirudisha nikijaliwa.

Njia ilikuwa ya tope jeusi na mizizi. Kila tuliyekutana naye alikaa kando, akainamisha kichwa kwa heshima ya maiti. Mwanzoni nilijaribu kueleza. Baadaye niliacha, kwani tulikuwa tunapitishwa haraka: watu waliokata miti walisogeza magogo yao, na mzee mmoja alitupakia kwenye mtumbwi wake mkubwa bila kuuliza swali, huku akinipa pole. Mbebaji mmoja aliyeketi karibu naye alimnong'oneza ukweli tulipokuwa tayari katikati ya maji. Mzee alicheka, akapiga kasia kwa nguvu zaidi.

Mvua ilitushika mtoni. Tulilowa sote, lakini mvua ile ilikuwa baridi, na nilifurahi kila tone lililoanguka juu ya sanduku. Tulipofika Opala, masista wawili walikuwa ukingoni na mwavuli mmoja. Sista mkubwa alifungua kamba, akainua kifuniko mbele ya frigo, akaingiza vidole. Uso wake ukafunguka.

"Bado iko barafu!"

Kipande kilichobaki kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni kilichokaribia kuisha. Wale wanaume wa kijiji walikigusa mmoja mmoja, wakaangaliana. Kisha wakaomba chumvi na moto wa sigara, wakarudi zao.

Opala, ndani ya sali

Tulichanja tangu asubuhi mpaka mikono ikafa ganzi. Watoto walilia, mama walilia nao. Kulikuwa na wagonjwa ambao chanjo haikuwahi kuwasaidia, na wawili walifariki siku nilizokuwa huko. Hilo sitalisema zaidi.

Padri, ili mama wasikate tamaa kwa kungoja, alikuwa na projekta ya zamani na filamu chache. Aliziba madirisha ya sali, yaani ukumbi wa parokia, kwa magunia, akawasha jenereta mchana kweupe, na waliosubiri zamu wakaingia. Mimi niliingia kupumzika mgongo tu. Nikaketi kwenye benchi la nyuma.

Ukutani akatokea ndege wa kuchorwa, mwenye mdomo mkubwa wa manjano. Hondohondo. Nikashtuka. Nilimjua.

Nikiwa mtoto, Makiso, parokia yetu ilituonyesha filamu ile kila baada ya Pasaka. Haikuwa na maneno, muziki tu. Nakala ya kwetu ilikuwa imekatika mwanzo, hivyo ilianza pale ambapo ndege dume anapiga tope kwenye tundu la mti, na ndani kuna jike. Anaziba, anaziba, mpaka inabaki tobo nyembamba kama kidole. Kisha anaruka kwenda zake. Katekista wetu, tonton mmoja mchangamfu mwenye kipaza sauti, ndiye aliyetufasiria: "Muangalie huyu bwana! Amefungia bibi yake mu muti, yeye anaenda kutembea!" Sisi watoto tulizomea mpaka sauti zikakauka. Kila hondohondo akirudi kwenye tobo, tonton alisema, "Anakuja kuchunguza kama wametoroka!" Nasi tunazomea tena.

Mimi nilizomea kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na papa wa namna ile. Alikuwa dereva wa lori, njia za Opala, Bafwasende, Ubundu. Akiondoka alifunga geti la parcelle, ua wa nyumba yetu, akamkabidhi mama ufunguo: mtu asitoke. Alirudi baada ya majuma, amekauka, ananuka mafuta ya mazutu ya lori, anakaa kwenye kiti, haongei, analala. Majirani walisema dereva ana nyumba katika kila kituo. Kwa akili yangu ya kitoto, ndege yule na papa walikuwa mtu mmoja.

Nakala ya Opala ilikuwa nzima. Nikaona mwanzo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nyoka anapanda mti, anameza mayai ya jirani. Hondohondo jike anaona, anaingia ndani ya tundu kwa hiari yake, na ni yeye anayeanza kuziba, kutoka ndani, kwa mdomo wake mwenyewe. Dume anamletea tope kutoka nje. Wanajenga ukuta ule wawili, huyu huku, huyu kule, midomo ikigusana, mpaka inabaki ile tobo.

Ndipo ikaja sehemu niliyoijua. Dume anaruka, anarudi. Anaruka, anarudi. Kila akirudi ana tunda mdomoni, analipitisha kwenye tobo. Matunda yale yalikuwepo tangu zamani, wazi ukutani pale Makiso. Sikuwa nimeyaona. Nilikuwa nazomea.

Gizani, mama mmoja aliyekuwa mbele yangu, mtoto mapajani, akamwambia mwenzake, "Muangalie papa ile. Anakonda."

Kweli alikuwa anakonda. Aliyechora alimpunguza kidogo kidogo, manyoya yake yakapoteza rangi, mbawa zikachakaa kwenye ncha. Mwishoni ukuta unavunjwa kutoka ndani, vifaranga wanatoka wanene, wanamwona yule ndege mwembamba kwenye tawi, na wanamwogopa.

Nilitoka nje. Nikasimama nyuma ya sali nikalia kilio changu cha pili cha safari ile, na hiki kilikuwa na mwenyewe. Niliwaza geti langu la Makiso na ufunguo mkononi mwa Zaina, na Sifa na neno lake. Nikamwona Kambale, ambaye mwanawe anamkimbia. Nikamwona Papa Longange anakula lituma kavu mbele ya samaki wake. Na nikajiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza hata mara moja: papa yangu, katika miaka yote ile ya barabara, alikuwa anakula nini?

Sista mkubwa alinikuta pale. "Ni uchovu, mwanangu?"

"Hapana, sista. Ni furaha," nikasema, na ilikuwa kweli kwa sehemu kubwa.

Kurudi

Nilirudi kwa lori lile lile, resori mpya. Kwa Mama Bolumbu tulisimama, kama nilivyoahidi, na barafu ya masista ilikuwa bado nzuri. Alikuwa amepanga watoto wa kijiji chote kwenye baraza, wameoga, wanameremeta mafuta ya mawese. Yeye mwenyewe aliwashika mikono mmoja mmoja wakati nawachoma sindano, na kila mmoja alipolia alimwambia, "Lia, lia vizuri." Kambale, aliyekuwa anarudi nasi, alirudishiwa blanketi zake zimefuliwa. Alitaka kuniachia moja, nikakataa, akaniachia.

Nilifika nyumbani mchana. Sifa alinirukia. Nilimweka mapajani nikamweleza nilikokwenda, habari za mvua, mtumbwi na watoto waliolia, vitu ambavyo zamani nilidhani havimhusu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua kama watoto wale walipewa bombo, zile peremende. Nikasema hapana. Akasikitika sana.

Jumapili nikaenda kwa papa. Tangu mama afariki anakaa peke yake, na mimi nilikuwa nampelekea vitu, nasalimu, naondoka. Safari hii nilipika pale pale: lituma na samaki wa liboke. Nikaketi. Alishangaa kuona nimeketi.

"Papa," nikasema, "kule barabarani ulikuwa unakula nini?"

"Tulikuwa tunakula."

"Nini?"

"Kwanga."

"Na nini?"

Akafikiri. "Na maji," akasema, akacheka mwenyewe.

Sikuweza kucheka. "Asante, papa."

"Asante ya nini? Si wewe umepika?"

"Ya kile tulikula zamani."

Alitazama nje, kisha akatazama mikono yake juu ya meza, ile mikubwa yenye makovu ya chuma. Nilidhani atasema neno. Badala yake alifungua jani, akamgawa samaki katikati kwa vidole, akachukua upande wa tumbo, ule wenye mafuta, akauweka kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema. "Kesho iko kazi."

Nikala. Yeye alikaa ananitazama, mikono imetulia, na hakugusa chakula chake mpaka nilipomaliza.